MNACHEKA SURA YA KIONGOZI, KICHWA CHAKE MNAKIACHA!

Jamani wadau, tuambiane ukweli. Mgombea akipanda jukwaani Singida na meno ya kahawia, au kovu la mdomo aliozaliwa nao umepasuka, simu zote juu. Picha inasambazwa, watu wanacheka mpaka usiku. Sera zake? Hakuna aliyesikia.

Hayo meno si uchafu. Ni madini ya floraidi, ambayo baadhi ya visima vya Singida vinayo mengi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza, basi tena, hata apige mswaki mara kumi kwa siku. Wapo wanaozeeka wanacheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja.

Sasa mwingine ana uso safi, meno meupe pee. Halali, anafokea watu hadharani, leo anafukuza, kesho anarudisha. Huyo mnampigia makofi: jembe! Siku akidokeza tu kwamba kichwa kimechoka, mnadakia, "Apelekwe Mirembe!" Hapo nani atathubutu kumuona daktari?

Katiba ya 1977, ibara ya 37, ilishaliona hili: Rais akishindwa kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, upo utaratibu, na jopo la madaktari linahusika. Meno hayajatajwa popote.

Akili inaugua kama mwili, na inatibika. Anayeumwa aachwe atibiwe bila kuchekwa. Na mwenye kovu aachwe aongee, asikilizwe. Kovu halipitishi bajeti, kichwa ndicho kinapitisha!