«Huku Hakuna Kitu»: Majibu kwa Maneno ya Mtaani Ngara na Biharamulo

Pale Nyakanazi, ambapo barabara ya Kigoma inaachana na ile ya Rusumo, utasikia maneno yaleyale utakayoyakuta sokoni Kabanga na kwenye stendi ya Biharamulo: mzazi mwenye mtoto mdogo huku yuko peke yake. Mengi ya madai hayo yana ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana hayafi. Nitayachukua moja baada ya jingine. Kwa maoni yangu, kinachotukwamisha zaidi ni kutafuta huduma kuanzia juu, hospitalini, ilhali mlango wake wa kwanza uko kwenye kitongoji.

«Huduma ya maana iko Bukoba au Bugando.» Ngara ina Hospitali ya Murgwanza ya Kanisa Anglikana, ina ya Rulenge ya Wakatoliki, na ina hospitali ya wilaya pale Nyamiaga. Biharamulo ina hospitali teule, yaani ya kanisa inayobeba kazi ya wilaya kwa makubaliano na Serikali. Ukivuka kidogo kwenda Geita, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, na Chato yenyewe ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi 2005. Lakini hata orodha hii inapotosha, kwa sababu yanayowaua watoto wadogo wengi ni malaria, kichomi na kuhara, na hayo matatu hutibiwa zahanati yakiwahiwa. Kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, ORS na zinki havihitaji daktari bingwa. Vinahitaji mtoto afike leo badala ya keshokutwa.

Kabla ya zahanati kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu hawa, wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Muulize mtendaji wa kijiji ni nani kwenu. Kama anasitasita kukupa jina, hilo ni swali la kupeleka mkutano wa kijiji. Nakubali kwamba mama wa Murusagamba au Nyantakara hatembei mwendo uleule wa mama wa Ngara Mjini, na hakuna maneno ya gazetini yatakayomfupishia njia.

«Bure ni jina tu.» Hapa nusu nawaunga mkono. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe malipo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Dawa zikiisha, msamaha huo unakusindikiza hadi duka la dawa, na huko unalipa. Ila tofauti ipo: kukosa dawa ni upungufu, kutozwa pesa ya kumwona mhudumu kwa mtoto wa miaka miwili ni kinyume cha utaratibu. La kwanza linapelekwa kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kijijini. La pili ni la Mganga Mkuu wa Wilaya, au piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo. Kwa wakubwa ndani ya nyumba, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, imekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita.

«Marburg iko zahanati, mtoto abaki nyumbani.» Dai hili sitalicheka. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara ikajibu kuwa vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, akathibitisha kwamba ugonjwa upo, na upo Biharamulo. Mtu aliyesikia «hakuna» na siku chache baadaye «upo» ana haki ya kuziba masikio yake. Mwishowe walihesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walikufa. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Miaka miwili nyuma, 2023, ugonjwa huohuo ulikuwa Bukoba Vijijini.

Hofu hiyo ina msingi, ila hitimisho lake ni baya. Marburg haipepei hewani kama surua. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mgonjwa, au ya aliyekufa nayo. Dalili za mwanzo ni homa kali, kichwa na maumivu ya mwili, sawasawa na malaria ya kila siku. Kwa hiyo anayemficha mtoto ndani hajui anaficha nini, na mara nyingi sana anaficha malaria, ambayo haingojei. Mpeleke. Mweleze nesi bila kuona haya kama nyumbani kulikuwa na msiba au mgonjwa mliyemhudumia.

«Bila mume hupokelewi kliniki.» Hili limewaumiza wanawake wengi kimyakimya. Kumwita baba kwenye hudhurio la kwanza kulianza kwa nia njema: wote wawili wapimwe VVU na kaswende, wasikie pamoja dalili za hatari, wapange safari ya kujifungua. Mahali pengine mwaliko ukageuka geti. Mama aliyekuja peke yake anarudishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji akachukue barua ya kueleza mume yuko wapi. Mjane afanyeje? Na yule ambaye mwanaume yuko machimboni, au aliikana mimba? Wapo wanaoona aibu ya barua, wanasubiri hadi mwezi wa sita, wakati hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12. Baba anaalikwa, mama haadhibiwi kwa kukosekana kwake. Ukirudishwa, muone mganga mfawidhi siku hiyohiyo. Akina baba nao wasijifiche nyuma ya hoja hii. Benchi la kliniki lina nafasi yao.

«Kliniki ni chanjo, akimaliza ya miezi tisa basi.» Surua na rubela ina dozi ya pili miezi 18, na hapo ndipo kadi nyingi zinabaki wazi. Vitamini A hutolewa kila miezi sita kuanzia mwezi wa sita. Uzito unafuatiliwa hadi miaka mitano. Mtazame nesi makini siku ya kliniki. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani na kikaptula chake, uzito unawekewa nukta kwenye kadi, kisha nesi anaangalia nukta ya leo na ile ya mwezi jana kabla hajasema neno. Halafu anazungusha utepe kwenye mkono wa juu wa mtoto. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Mzazi anayeondoka bila kuuliza nukta imeelekea wapi ameacha nusu ya huduma pale mezani.

Na lishe siyo kushiba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16, na Kagera yenye migomba kila ua haikusalimika. Ndizi inajaza tumbo. Maharage, dagaa na yai vinapaswa kuifuata kwenye bakuli lilelile la mtoto, siyo kuishia kwa baba.

«Kulea hakufundishwi.» Desemba 2021 Serikali ilizindua PJT-MMMAM, programu ya malezi na makuzi ya watoto hadi miaka minane, inayounganisha afya, lishe, ujifunzaji, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Jina refu, mambo mepesi: ongea na mtoto huku unamenya ndizi, mjibu anapobwabwaja, mpe mfuniko apige kelele. Uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kinachofanyika kwenu.

«Ustawi wa Jamii wanavunja ndoa.» Wengi wanaoogopa ofisi hiyo wanaogopa kudaiwa matunzo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi kwamba wazazi wanadaiwa. Kwa mtoto anayepigwa au kunyanyaswa kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na 116, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kupiga bure.

«Uchungu ukianza usiku, umekwisha.» Zamani, ndiyo. Sasa kuna m-mama. Ukipiga 115, kituo cha uratibu kinauliza dalili, kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana kinamwita dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo. Familia haitoi nauli. Inamhusu mjamzito, mama hadi siku 42 baada ya kujifungua, na kichanga hadi siku 28. Mtandao unaweza kukataa bondeni, kwa hiyo mjue dereva huyo kwa sura na nyumba yake ilipo, kabla mimba haijafika miezi tisa.