Vitabu vipya vya shule: wazazi wasikilizwe kabla ya uchapaji

Tangu Januari 2024, Tanzania ilipoanza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, vitabu vipya vya kiada vimekuwa vikiingia madarasani hatua kwa hatua. Mwenye dhamana ya kuviandaa ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Je, mzazi na mwalimu wa kijijini wana nafasi gani kabla kitabu hakijachapwa?

Serikali ilikusanya maoni ya wadau, zikiwemo taasisi za dini, ilipokuwa ikipitia sera na mitaala. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kutoa maoni juu ya sera ni jambo moja, na kusoma rasimu ya kitabu ni jambo lingine. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 kwa kukiuka maadili, wakati vilikwisha kuwafikia wanafunzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko kuhusu Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule na Serikali huwasaidia wazazi, wala hazichukui nafasi yao. Hiyo ndiyo kanuni ya auni katika mafundisho jamii ya Kanisa.

Hata hivyo, haki hii inaambatana na wajibu. Wako wazazi wanaolalamikia elimu ilhali hawajawahi kufungua kitabu cha mtoto wao. Parokia zetu zina walimu, wastaafu wa ualimu, makatekista na akina mama wa WAWATA. Jumuiya ndogondogo inaweza kutenga jioni moja kusoma kitabu kinachotumika: mifano yake inaeleweka kijijini? Inalinda utu? Mtoto asiyeona amepata nakala ya nukta nundu? Maoni yaandikwe, yakitaja kitabu na ukurasa, kisha yapelekwe kwa mkuu wa shule na kwa wahusika wa elimu jimboni ili yawafikie waandaaji.

Malalamiko ya barazani huishia barazani. Neno lililoandikwa kwa upendo na ukweli laweza kurekebisha chapa inayofuata, kwa faida ya watoto wote, wa Kanisa na wasio wa Kanisa.