Nyumba Kabla ya Msikiti



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, juma hili twapenda kumtaja mama mmoja ambaye huenda wengi wetu hatujapata kumsikia. Huko Marekani alijulikana kwa jina la Mary Juma. Alizaliwa katika nchi ya Sham, zama za Dola ya Uthmaniya, kwa wazazi wakulima. Hakujaaliwa kujua kusoma wala kuandika, kwani wasichana wa kwao hawakuwa na shule. Mwaka 1899 yeye na mumewe, Hassan Juma, walivuka bahari kwenda kutafuta riziki.

Shamba hawakulipata mara moja. Walichuuza bidhaa nyumba hadi nyumba, wakizidi kusonga magharibi, hata mwaka 1902 wakawasili North Dakota, karibu na mji mdogo wa Ross. Kwa sheria ya mwaka 1862, serikali ilitoa ekari 160 kwa mtu atakayekaa juu ya ardhi hiyo na kuilima kwa miaka 5. Kabla ya hapo ilikuwa ardhi ya wenyeji wa asili walioondoshwa, na watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Wakang'oa mawe, wakalima, katika nchi ambayo theluji hufunika kila kitu miezi mingi. Mwaka 1903 wakaruzukiwa mtoto wa kiume. Mwaka 1918 Bwana Hassan akafariki, na shamba likabaki kwa mama na mwanawe.

Msikiti wa Ross ulijengwa mwaka 1929. Tangu kufika kwao ni miaka 27. Muda huo wote, sala ya jamaa ilisaliwa wapi? Ilisaliwa majumbani, mara kwa huyu, mara kwa yule. Ramadhani ilipokwisha walitembeleana na kulishana. Tujiulize basi: mikeka ilitandikwa na nani, na chakula kilipikwa na nani?

Hatimaye msikiti ukapatikana. Lakini vijana walihama, wengine wakaoana na wasio wa dini yao, na ibada ikapungua. Jengo likabaki tupu, na katika miaka ya 1970 likavunjwa. Mwaka 2005 pakajengwa msikiti mdogo wa ukumbusho, kando ya makaburi ya wazee wale.

Enyi mama na baba, sisi tuna misikiti kila mtaa, na adhana hupokezana. Neema hii isitudanganye tukadhani malezi ya watoto yamekwisha pata msimamizi. Msikiti humpokea mtoto aliyekwisha andaliwa nyumbani. Basi kila baada ya Magharibi, simu na televisheni zizimwe, watoto wakusanyike, kila mmoja asome japo aya chache, na wazazi wasikilize. Asiyejua kusoma naye aketi asikilize, kwani Bi Mary hakujua kusoma, na nyumba yake haikukosa dini.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu nuru na utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.