Keria ya Vitz ni ya godoro, siyo ya marumaru

Wiki hii inboksi imejaa swali moja, hasa kutoka kwa mnaouza magodoro, vitanda vya watoto, viti vya plastiki na rafu za viatu mtandaoni: "Nifunge keria kwenye IST yangu niachane na kulipa kirikuu?" Wengi mmeshaona picha ya ile keria nyeusi ya kikapu, kama ya gari za watalii, mmeipenda, na mnachosubiri kutoka kwangu ni neno "nunua".

Mimi nasema hivi. Kwa gari ndogo, nunua vyuma viwili tu vya kukatiza paa. Ile ya kikapu achana nayo. Na ukishafunga, kitu kizito kisipande juu, kiingie ndani ya gari. Watakaobisha wapo, maana kila siku tunaona Probox imebeba magunia juu mpaka inainama na inafika. Sawa, inafika. Siku isipofika, mzigo wa mteja ambaye ameshatuma hela unakuwa barabarani, na nyuma yako kuna kijana wa bodaboda.

Tuanze na kilo, hapo ndipo wengi wanaparuka. Kiwanda kimeshaweka kiwango cha uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari ikiwa inatembea. Kwa gari ndogo nyingi kiwango hicho kipo kati ya kilo 30 na kilo 75, na zipo gari ambazo kiwanda hakiruhusu kuweka chochote juu. Kinaandikwa kwenye kitabu cha gari. Najua kitabu cha Vitz yako ni cha Kijapani, au kilibaki huko huko kwa mwenye gari wa kwanza. Kama unacho, siku hizi kamera ya simu inatafsiri, piga picha ukurasa unaohusu mizigo ya juu. Kama huna, mimi ningehesabu kilo 30, keria ikiwemo, na nisizidishe hapo mpaka nipate maandishi.

Hayo maneno "keria ikiwemo" yasome tena. Uzito wa keria yenyewe unahesabiwa kwenye kile kiwango. Chukua keria ya kikapu ya kuchomelea, urefu mita 1.2, upana mita 1, paipu za mraba za milimita 25 zenye unene wa milimita 1.5. Paipu hiyo ina kilo 1.1 hivi kwa mita. Fremu ya chini, fremu ya juu, vyuma vitano vya katikati na vile vifupi vya kusimamisha, unafika kwenye mita 15. Hapo una kilo 16 na ushee kabla hata ya miguu na nati. Kama paa lako ni la kilo 50, umebakiwa na 33. Kama ni la 30, umebakiwa na kilo 13, yaani umefunga keria ya kubebea keria. (Sina ugomvi na mafundi wa kuchomelea, ni watu wangu hao, na kwenye kirikuu wanafanya kazi safi sana.) Vyuma viwili vya aluminiamu pamoja na miguu yake vinakaa kwenye kilo 5 hivi.

Na usidanganywe na muuzaji anayekwambia "keria hii inabeba kilo 100". Inawezekana keria inabeba, paa je? Inayofuatwa ni ile namba ndogo kuliko zote.

Sasa angalia mzigo wetu. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, la sponji ya kawaida, linacheza kwenye kilo 11 mpaka 17 kutegemea na ugumu wa sponji. Hilo halali, panda nalo. Viti vya plastiki dazeni moja ni kama kilo 30, vinakubali kwenye paa la kilo 50. Rafu za viatu, stendi za nguo, kitanda cha mtoto kilichofunguliwa, vyote ni vikubwa kwa umbo lakini vyepesi. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyotusumbua, maana haviingii kwenye buti hata ulaze siti.

Upande wa pili kuna marumaru. Boksi moja la marumaru za 60 kwa 60 ni karibu kilo 30. Boksi mbili tu, paa la kilo 50 limeshazidiwa. Mfuko wa simenti ni kilo 50 peke yake. Vitu hivi ni vidogo, vinaingia chini ya siti bila shida, na bado mtu anaviweka juu ili siti zisichafuke! Ukiweka uzito juu, gari inakuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani halafu anakimbia. Kwenye kona inalala upande, kwenye tuta inaruka, ukifunga breki ghafla mzigo wote unataka kwenda mbele. Gari hizi ni nyepesi, hazina uzito wa chini wa kuuzuia ule wa juu.

Kuhusu hela. Bei za keria zinabadilika na mji kwa mji hazifanani, kwa hiyo chukua daftari upige hesabu yako mwenyewe. Tuseme unalipa kirikuu 15,000 kwa safari, mara nne kwa mwezi, hiyo ni 60,000. Keria na ufundi tuseme 350,000. Mtu atasema miezi sita hela imerudi. Hajahesabu mafuta. Ukipeleka mwenyewe, tuseme mafuta ya safari ni 4,000, basi unachookoa ni 11,000, mara nne ni 44,000, na hela inarudi mwezi wa nane. Na muda wako wa kukaa kwenye foleni ya Mbagala badala ya kujibu wateja haujaingia hapo. Kama mizigo mikubwa unapata mara moja kwa mwezi, endelea na kirikuu, hujakosea kitu.

Mafuta nayo hayaishii kwenye safari ya mzigo. Keria inakamata upepo hata ikiwa tupu, na upepo una tabia yake: ukiongeza mwendo mara mbili, unakusukuma mara nne. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema boksi kubwa la mizigo juu ya paa linapunguza umbali unaotembea kwa lita kati ya asilimia 2 na 8 mjini, na kwenye barabara kuu za mwendo wa juu inafika asilimia 10 mpaka 25. Sisi wa mjini tunaotembea 50 kushuka chini, tupo kwenye ile namba ndogo. Ila kama wateja wako wapo Kibaha na Morogoro, keria ikae nyumbani siku ambayo haina kazi. Hapo ndipo vyuma viwili vinashinda tena, kwa sababu unavifungua dakika chache. Kikapu mtu akishakifunga ndiyo kimehamia.

Haya, kuchagua. Kabla hujaenda dukani, simama pembeni ya gari yako uangalie paa. Gari nyingine zina mfereji wa chuma pembeni ya paa, kama Suzuki Carry yenyewe na Hiace. Nyingine zina reli za kiwanda, kama Forester nyingi na X-Trail. Vitz, Passo na IST nyingi hazina chochote, paa ni laini tupu. Kwa paa la hivyo unahitaji miguu yenye kucha zinazoingia chini ya mpira wa mlango na kung'ata ukingo wa paa. Kucha hizo zimetengenezwa kwa gari maalumu, zina namba, na namba inaendana na modeli.

Hapa ndipo hela inapotea. Unapata keria nzuri ya INNO au TERZO, yuzdi ya Japani, muuzaji anasema "hii ya Vitz". Vitz ipi? Ya 1999, ya 2005 na ya mwishoni mwa 2010 ni paa tatu tofauti. Passo ya 2004 siyo ya 2010. IST ya 2002 siyo ya 2007. Angalia kibati cha gari kwenye chumba cha injini, usome kodi ya chesisi, mfano SCP90 au NCP60, na umtajie muuzaji kodi hiyo. Kama kucha hazina namba au hajui ni za gari gani, mwambie tujaribu hapa hapa kabla sijalipa. Kucha isiyo yake inakaa, tena inaonekana imekaza, lakini imeng'ata kwa ncha tu.

Kuna fundi atakwambia hiyo yote ya nini, tutoboe paa tupige bolti, kazi ya nusu saa. Kataa. Bati la paa halifiki hata unene wa milimita moja, bolti inashika bati peke yake bila mhimili. Mvua ya kwanza maji yanaingia kwenye silingi, kutu inaanza, na hiyo silikoni anayokwambia itaziba siyo ya kuitegemea. Na kama gari yako ina mifuko ya hewa ya pembeni, ile imekunjwa juu ya milango, kando kando ya paa anapotaka kupitisha drili.

Kufunga siyo kazi ngumu, wawili mnaweza. Osha paa na futa ukingo wote chini ya mpira wa mlango, mchanga mmoja tu ukibaki unakwaruza rangi na mguu unateleza. Fungua milango yote minne. Weka chuma cha mbele, pima kwa futi kushoto na kulia mpaka vilingane, halafu cha nyuma. Umbali kati yao fuata karatasi ya keria. Kwa gari ndogo mara nyingi unaangukia kwenye sentimita 60 hadi 70. Kaza kidogo upande huu, hamia upande ule, rudi. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, chuma kinavutwa na kukaa kombo. Tumia spana iliyokuja na keria, na usiongezee bomba ili upate nguvu, utabonyeza paa. Funga milango taratibu. Mlango ukigoma au ukisikia upepo, kucha haijakaa. Mwisho shika chuma utikise, gari nzima itikisike, siyo chuma peke yake. Ukishatembea kilomita kama 50, rudia kukaza. Baada ya hapo kagua kila asubuhi ya safari, ni dakika mbili.

Halafu kamba. Mipira ya tyubu waachieni wenye baiskeli. Mpira unavutika, na godoro likipata upepo kwa mbele linataka kunyanyuka kama bawa, mpira unalikubalia. Nunua mikanda ya kufungia mizigo yenye kufuli la kukazia, miwili au mitatu. Pitisha chini ya vyuma, siyo kwenye miguu, vuka juu ya mzigo, kaza. Ukiusokota mkanda mara moja hauimbi njiani. Kama mzigo unatokeza mbele ya kioo, ongeza mkanda wa kushuka chini ya boneti. Godoro liingie kwenye nailoni nzima, maana hapa kwetu mvua haikutumii meseji, na mteja halipokei godoro lililolowa hata tone moja. Simama baada ya kilomita chache za kwanza, shuka, vuta mkanda. Sponji inajikandamiza njiani, na mkanda uliokuwa umekaza nyumbani unakuwa umelegea ukifika Ubungo.

Na upepo wa tairi jamani. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ya namba za upepo. Jaza kwa kufuata hiyo, siyo kwa kupiga tairi teke.

Mliofunga kwenye Passo, andikeni hapo chini namba ya kucha mliyotumia na modeli ya gari. Kuna dada wa Tabata anauza meza za watoto, amezunguka maduka manne na kila duka limempa jibu lake.