Mwaka Mmoja wa Kungoja

Katika gazeti letu la muhula uliopita mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba sheria ya Uganda inawaonea wageni wanaokuja kuchukua watoto yatima. Aliuliza: ikiwa mtoto hana baba wala mama, na watu wema wamevuka bahari kumtafuta, kwa nini wakalishwe hapa mwaka mzima kama watu walioshukiwa wizi? Nimeyasoma maneno yake mara mbili, nami siwezi kuyanyamazia, kwa kuwa mwaka huo niliuona kwa macho yangu, na kosa moja lililotokea ndani yake lilikuwa langu.

Kwanza yafaa tujue sheria yenyewe inasema nini. Hapo zamani Sheria ya Watoto ilimtaka mgeni akae Uganda miaka mitatu na kumlea mtoto miezi 36 chini ya macho ya Afisa wa Ustawi wa Jamii, ndipo aende Mahakama Kuu kuomba mtoto awe wake kabisa, jambo ambalo siku hizi twaliita kuasili. Ni wachache walioweza kukaa muda huo. Basi wengi walipita mlango mwingine: waliomba amri ya ulezi tu, wakaipata upesi, wakapanda ndege na mtoto, na mambo ya kuasili wakayamalizia kwao. Mwaka 2016 Bunge liliibadili sheria. Mlango ule wa ulezi ukafungwa kwa asiye raia, na ile miaka mitatu ikawa mmoja. Kwa hiyo asemaye kwamba sheria imeongezwa ukali amesema nusu ya habari. Tena jaji anaweza kusamehe masharti hayo akiona sababu isiyo ya kawaida, na jambo hilo ndugu yangu wa kidato cha tatu hakulitaja.

Sasa habari yangu. Jirani yetu hapa Entebbe alipangisha nyumba yake kwa Mmarekani mmoja na mkewe. Walifika mwezi wa Machi, wakapewa kumlea msichana wa miaka mitano kutoka katika nyumba ya watoto. Bwana yule alikuwa mwalimu. Aliacha kazi yake kwao, akawa anafanya kazi ndogo ndogo usiku kwa kompyuta, maana usiku wetu ni mchana wao. Mkewe hakuwa na kazi ila mtoto. Kwa muda wa miezi miwili ya kwanza mtoto alikuwa akificha chakula chini ya mto wa kulalia, posho na vipande vya muhogo, na mama yule alivikuta kila asubuhi na hakusema neno. Alikuja kwa mama yangu kujifunza kusuka nywele. Mikono yake ilikuwa mizito, na mtoto alilia, lakini kufika Agosti alikuwa akisuka vizuri kuliko mimi. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba nawachukia watu wale. Niliwapenda, na hata leo nawapenda.

Mtoto hakuwa yatima wa kukosa watu. Baba yake na mama yake walikuwa wamekufa, lakini mama mzaa baba alikuwa hai huko Kayunga, analima kahawa kidogo na ndizi. Alikuwa ameugua sana, akampeleka mjukuu wake katika nyumba ile apate kulishwa mpaka yeye atakapopona. Afisa aliwaagiza wageni wale waende kumwona. Karani aliyepaswa kutafsiri hakutokea siku hiyo, nasi tulikuwa katika likizo ya Mei, basi wakamwomba mama yangu niende nao mimi.

Tulimkuta uani, akianika kahawa. Nilipiga magoti nikamwamkia, naye akaniita mjukuu wake. Bwana yule alisema maneno yake polepole kwa Kiingereza, nami nikayageuza kwa Kiganda. Alipofika kwenye neno la kuasili nilisita kidogo, kisha nikasema okulera, yaani kulea. Jjajja akafurahi, akawashika mikono wote wawili, akawapa jogoo. Tukarudi Entebbe tukiimba ndani ya gari.

Wasomaji wenzangu, lifikirini neno hilo. Kwetu mtoto akilelewa na ssenga mjini, au na mjomba, au hata na padre, hakuna mtu anayedhani kwamba ameacha kuwa wa kwao. Jina lake la ukoo ni lile lile. Akifunga shule atarudi, na akifa mtu wa ukoo atakuja kuzika. Amri ya kuasili si hivyo. Ikitolewa, haki na wajibu wote wa wazazi wa kwanza hufutika na kupewa wazazi wapya. Mimi nilimwambia Jjajja la kwanza, na wale wageni walidhani amekubali la pili.

Tulirudi Desemba. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha, tunakunywa chai, Jjajja akaniuliza kama jambo dogo tu: "Huko anakokwenda, shule zao hufungwa mwezi gani? Nataka kujua kama ataweza kuja kula Krismasi hapa kila mwaka." Niligeuza swali lile kwa Kiingereza. Mume na mke wakatazamana. Yule mama akaweka kikombe chini, akaniambia, "Mwulize anafikiri nini juu ya jambo hili lote, tangu mwanzo." Nikamwuliza, naye akajibu, na hapo nikajua nilichokifanya mwezi wa Mei.

Mwezi wa Januari Jjajja, ambaye alikuwa amepata nafuu, alisema anamtaka mjukuu wake nyumbani. Wale wageni hawakubishana naye. Walimpeleka mtoto Kayunga wenyewe, na mwezi wa Machi, mwaka wao ulipotimia, wakarudi kwao wawili kama walivyokuja.

Najua rafiki yangu atasema: tazama basi, mtoto amekosa bahati, na watu wema wamevunjwa moyo. Ni kweli walivunjwa moyo. Niliona masanduku yakipakiwa. Ni kweli pia kwamba mtoto alimlilia mama yule siku nyingi, na hilo sitalificha ili hoja yangu ipendeze. Lakini kama wangepita mlango wa zamani, mtoto angalikuwa Marekani kabla ya lile swali la Krismasi kuulizwa. Jjajja angalingoja Desemba ya kwanza, na ya pili.

Wala si mambo ya kubuni. Mwezi wa Agosti 2020 serikali ya Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mumewe, ikiwashtaki kwamba walihusika katika mpango wa kuwachukua watoto vijijini na kuwaasilisha Marekani, na wazazi walikuwa wameahidiwa masomo. Wale walidanganya kwa makusudi. Mimi nilidanganya kwa kutojua. Masikioni mwa bibi aliye kijijini tofauti ni ndogo.

Kungoja kwenyewe hakutoshi, maana kuna kungoja kubaya. Mwezi wa Septemba 2013 serikali ya Kongo ilisimamisha hati za kuwatoa nchini watoto walioasiliwa. Mahakama zilikuwa zimekwisha kutoa hukumu. Kwa sheria watoto walikuwa wana wa watu wa ng'ambo, lakini hawakuweza kuondoka. Wazazi wengine walihamia Kinshasa wakakaa nao, wengine wakawaona katika picha tu, na wengi walingoja mpaka 2016. Kungoja namna hiyo kulikuja baada ya kamba kukatwa, na mtoto akawa hana kwao upande huu wala ule. Kwetu mwaka unakuja kabla, wakati neno bado laweza kurekebishwa.

Basi mimi sitaki mwaka upunguzwe. Nataka uongezwe kazi. Sheria yetu tayari inairuhusu mahakama kutaka idhini ya mtu mwingine mwenye haki juu ya mtoto kwa mila, lakini idhini ya mtu asiyeelewa ni karatasi tu. Jamaa waelezwe mwanzoni mwa mwaka, kwa lugha yao, na mtafsiri aliyeapishwa, wageni wakiwa hawapo. Wasitafute mwanafunzi wa likizo. Tena kabla ya hapo Jjajja aulizwe swali ambalo hakuna aliyemwuliza: angehitaji nini ili abaki na mtoto? Kodi ya nyumba ile ya Entebbe kwa mwezi mmoja ilizidi fedha zote anazopata kwa kahawa yake katika mwaka.

Wale wageni wanamlipia mtoto karo mpaka sasa. Barua zao huja kwangu, nami huzisoma uani Kayunga kila likizo, mtoto akiwa amekaa miguuni. Nikifika kwenye neno nisilolijua vema kwa Kiganda, humwambia Jjajja kwamba silijui, tukaulizana mpaka tulipate.