Jogoo Aliyejeruhiwa Si Mboga ya Jioni

 

Leo nataka tuongee kuhusu jogoo. Usicheke, mpendwa. Soma mpaka mwisho, halafu uniambie kama hili ni jambo dogo.

Mvua imenyesha vizuri, Mungu apewe sifa. Lakini nyasi nazo zimepanda hadi kwenye kuta za mabanda, na mahali penye nyasi ndefu nguchiro hana haja ya kungoja giza. Usiku kuna kanu na mbwa wanaorandaranda. Angani kuna mwewe. Sisi tunaoishi chini ya msitu wa Mlima Elgon tunajua kwamba kuku wetu wana majirani wengi ambao hatukuwaalika.

Sasa angalia kinachotokea katika boma nyingi. Mnyama amemrukia jogoo, watu wamepiga kelele, mnyama amekimbia. Jogoo amebaki chini, manyoya yametapakaa, mgongo uko wazi. Hata hajapata pumzi ya pili, sauti inatoka jikoni: "Leteni kisu haraka kabla hajafa kibudu!" Jioni hiyo ugali una kitoweo, na hadithi imeisha.

Msimamo wangu ni huu, na nitausema wazi: tunakimbilia kisu mapema mno. Sisemi kwamba kuchinja kuku ni dhambi. Kuku ni chakula, na katika nchi yetu hii ya Wabukusu na Wasabaot, mgeni asiyechinjiwa kuku hujiuliza kama kweli alikaribishwa. Ninachosema ni kwamba kuna swali la kuuliza kabla ya kisu, nalo ni hili: je, huyu anaweza kupona?

Mara nyingi jibu ni ndiyo. Kuku ana mwili mgumu kuliko tunavyodhani. Ngozi yake ni nyembamba na huchanika upesi, kwa hiyo jeraha huonekana la kutisha kuliko lilivyo. Ukikuta ngozi imechanika lakini nyama ya chini haijaliwa, utumbo hauko nje, na miguu yote miwili inasukuma unapomshika, huyo si mboga. Huyo ni mgonjwa.

Halafu fikiria ni jogoo gani aliyeumwa. Mitetea ilikimbia, vifaranga wakajificha chini ya ghala, yeye akasimama. Jogoo mzuri hutoa sauti ya kuonya, kisha hubaki kati ya adui na kundi lake. Ndiyo maana ameumia yeye. Ukimchinja kila jogoo anayesimama mbele ya nguchiro, baada ya miaka michache utabaki na majogoo wanaojua kukimbia tu, na vifaranga wao watafanana nao. Jogoo mmoja huhudumia mitetea kama 10. Hiyo ni mbegu ya boma lako, na wewe umeila kwa jioni moja.

Sasa tufundishane, maana huruma isiyo na maarifa huua.

Kwanza, mtenge. Usimrudishe kwa wenzake hata kwa dakika tano. Kuku wakiona damu hudonoa, na wakianza hawaachi. Mweke kwenye katoni au kikapu chenye nyasi kavu, mahali pa giza kidogo na kimya. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 hivi, na usiku wetu wa mlimani ni baridi. Kuku aliyeshtuka hushindwa kujipasha joto, na wengi hufa usiku wa kwanza kwa mshtuko na baridi wakati jeraha lenyewe lingepona. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa ikiwekwa kando yake inaweza kuokoa maisha.

Pili, zuia damu. Bonyeza kwa kitambaa safi, dakika kadhaa, bila kuchungulia chungulia.

Tatu, osha. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu lita. Mwagia taratibu mpaka uchafu utoke. Manyoya yaliyo kando ya jeraha yakate kwa makasi. Usiyang'oe, kwa sababu utaichana ngozi zaidi. Kama jeraha ni tundu refu la jino, au unaona mapovu ya hewa yakitoka anapopumua, usimimine maji ndani. Kuku ana vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu, na unaweza kumzamisha akiwa mikononi mwako. Huyo anahitaji daktari wa mifugo.

Nne, dawa. Iodini iliyopunguzwa kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea inatosha kusafishia. Baada ya hapo asali halisi ya mlimani, ile isiyochanganywa na sukari, hufanya kazi nzuri juu ya jeraha kwa sababu hunyonya majimaji na kuzuia vijidudu. Ukitumia dawa ya kupuliza ya duka la mifugo, usipulizie machoni wala puani. Tafadhali, tafadhali, usimpe vidonge vya binadamu vilivyobaki tangu mtoto alipougua. Kipimo hukijui, na matumizi ovyo ya antibiotiki ndiyo yanayofanya dawa zishindwe kutuponya sisi wenyewe. Daktari wa mifugo akimpa antibiotiki, uliza ni siku ngapi nyama yake isiliwe, na uzihesabu kweli.

Tano, nzi. Kwenye joto la mchana mayai ya nzi yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja. Mtazame asubuhi na jioni. Weka chandarua kuukuu juu ya katoni.

Sita, maji kwanza, chakula baadaye. Mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, aachwe ameze mwenyewe. Usimmiminie kooni, maana njia ya pumzi iko pale pale nyuma ya ulimi. Akianza kunywa, mpe uji mzito, kiini cha yai lililochemshwa, mboga iliyokatwa ndogo ndogo.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Kama aliyemuuma ni mbwa usiyemjua, au nguchiro aliyekuja bila kuogopa watu, fikiria kichaa cha mbwa. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na nawa kwa sabuni. Mtoto akiumwa au mate yakimwingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maombi tutaomba mkiwa njiani. Kenya imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 mtu asife tena kwa ugonjwa huu, na sisi kanisa tusiwe ndio tunaochelewesha watu kwa kuwaambia wangoje ibada ya uponyaji. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua.

Kwetu nyumbani tuliwahi kufuata njia hii. Nguchiro alikuwa amemvua jogoo ngozi ya mgongo, upana wa kiganja cha mtoto. Mama Mchungaji akawagawia watoto zamu, mmoja wa maji, mmoja wa nzi, mmoja wa kubadilisha nyasi. Siku tatu hakula. Siku ya nne alidonoa punje za mahindi yaliyovunjwa. Wiki ya tatu aliwika, sauti imepasuka kama ya mvulana anayebalehe, na watoto wakakimbia nje wakishangilia. Nimewahubiria watoto wangu mara nyingi kuhusu huruma. Sidhani kama kuna mahubiri waliyoyashika kama zile zamu.

Mithali 12 inasema mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Ona, haijasema mnyama wa thamani, wala ng'ombe peke yake. Yule Msamaria wa Luka 10 alikuwa na mafuta, divai, punda na pesa za mwenye nyumba ya wageni. Huruma yake ilikuwa na vifaa na gharama. Na katika Ezekieli 34 Mungu anawagombeza wachungaji kwa sababu hawakuwafunga waliovunjika. Nami nikiwa mchungaji, mlango huo huwa naupita kwa tahadhari.

Lakini kuna sehemu ngumu zaidi ya dawa, nayo ni kumrudisha. Jogoo aliyekaa wiki tatu kando akirudi ghafla hupigwa. Miaka ya 1920 Mnowe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana, kila mmoja akijua ni nani wa kumdonoa na ni nani wa kumpisha. Mama zetu walilijua hilo bila kwenda chuo. Anayeondoka hupoteza nafasi yake, na akirudi akiwa dhaifu, hata vijogoo vya jana humpanda kichwani. Kwa hiyo mweke kwanza kwenye tundu karibu na wenzake, waonane bila kugusana, siku kadhaa. Kisha mwingize jioni, wakiwa wamelala, na ukae karibu asubuhi. Kidonda kiwe kimefunga kabisa. Nyekundu ikionekana, umemrudisha mapema.

Wapendwa, hapa naomba mnivumilie. Sisi wa Cheptais, Kopsiro na Chepyuk hatuhitaji kufundishwa jeraha ni nini. Vita vya ardhi vya 2006 hadi 2008 viliacha wajane, watu waliokatwa viungo, na vijana ambao mpaka leo hawasemi walichokiona. Mtu akirudi kwenye boma tupu hanunui ng'ombe kwanza, hununua kuku. Najua kwamba katika baadhi ya nyumba zenu kuku wale wa kwanza ndio waliorudisha daftari shuleni. Kwa hiyo usiniambie kuku ni kitu cha kupuuza.

Na wale waliorudi, tuliwapokeaje? Mwenye kovu usidhani kapoa. Kuna ndugu anakuja ibadani, anaketi benchi la nyuma, anaondoka kabla ya maombi ya mwisho, kwa sababu kila akifungua mdomo kuna mtu anadonoa palepale palipo na damu. Kuna baba aliyekuwa akisimamia boma na kanisa, kazi ikaisha, sasa tunamwongelea kwenye vikundi vya simu. Yeye ndiye aliyesimama wengine walipokimbia. Kumponya mtu huyo si kumwambia "jipe moyo" na kumsukuma madhabahuni Jumapili inayofuata. Mpe muda, mahali pa kimya, na mtu wa kukaa naye asubuhi ile anaporudi.

Sharti niseme pia kuhusu kisasi. Kuku akiumwa, wengine hutega nyama yenye sumu. Ndugu yangu, sumu haiulizi majina. Humuua mbwa wa jirani, paka anayelinda ghala lako, na ndege wanaokula mizoga. Kenya imepoteza simba na tumbusi wengi kwa kiuatilifu cha kabofurani kilichopakwa kwenye nyama na wafugaji wenye hasira. Na hapa kwetu mbwa wa jirani akifa, neno la kwanza ni kuku na neno la pili ni mpaka wa shamba. Tumetoka huko. Tusirudi kwa sababu ya nguchiro.

Afadhali fyeka nyasi hatua 10 kuzunguka banda. Inua sakafu. Zungushia waya wenye matundu madogo na uuzike chini kidogo, maana wanaochimba ni wengi. Funga mlango kabla giza halijaingia. Mbwa wa jirani akiwa ndiye mkosaji, nenda kwake na mzee mmoja, mwongee. Kutoka 23 inatutaka tumsaidie hata punda wa anayetuchukia. Jirani yako wala hakuchukii. Ana mbwa asiyefungwa tu.

Je, kuna wakati wa kisu? Upo. Utumbo ukiwa nje, mgongo ukiwa umevunjika, au siku zinapita hanywi na jeraha linanuka, usimwache ateseke ukijiita mwenye imani. Mmalize upesi, kwa mkono wa mtu anayejua. Aliyeoza jeraha usimle. Aliyeumwa na mbwa unayemshuku kichaa usimchinje wala usimnyonyoe. Mwite afisa wa mifugo. Kujua wakati wa kuacha nako ni sehemu ya huruma.

Kazi ya wiki hii ni rahisi. Tafuta katoni, makasi, chumvi, iodini na kitambaa safi, uviweke pamoja mahali watoto wanapajua. Andika namba ya daktari wa mifugo ukutani. Kisha mpigie simu ndugu mmoja wa benchi la nyuma, umuulize hali yake, na umsikilize mpaka amalize.

Kama una jambo umelijaribu kwa kuku wako likafaa, liandike hapa chini tujifunze. Msambazie na mama mmoja mfugaji. Mungu awalinde nyinyi, nyumba zenu, na vyote vinavyolala ndani ya boma lenu usiku wa leo. Amina.