Mkuu wa Kituo Shinyalu: Nasi Tusikilizwe

Kila anapohamishwa mkuu wa kituo cha polisi, sisi watu wa Shinyalu huipata habari sokoni, mizigo yake ikiwa imekwisha kupakiwa. Mwingine huja. Hatujui atokako, wala malalamiko aliyoyaacha huko. Baada ya majuma machache huwa tumekwisha kumjua, ama kwa uadilifu wake, ama kwa bei anayotoza dhamana ya polisi, ambayo kisheria haina malipo.

Wapo ndugu zetu katika harakati wanaodai kwamba dawa ni kumchagua mkuu huyo kwa kura, kama masherifu wanavyochaguliwa Marekani. Hatukubaliani nao. Aombaye kura huwa na deni, na deni la polisi hulipwa kwa kuwafumbia macho waliomchangia. Isitoshe, Katiba ya 2010, Kifungu cha 245, yakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu kuajiriwa, kupangiwa kazi, kupandishwa cheo au kufukuzwa kwa afisa. "Mtu yeyote" ni pamoja na waziri, mbunge, na hata sisi.

Kifungu hicho kilipatikana kwa gharama. Wenye umri wetu hawajasahau Saba Saba ya 1990, wala Julai 7, 1997, polisi walipowavamia watu ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na Mchungaji Timothy Njoya akawa miongoni mwa waliopigwa. Wakati huo Kamishna wa Polisi alikuwa mteule wa Rais, na amri zilifuata njia hiyo hiyo. Tume ya Waki ilipohesabu maiti za 2007 na 2008, ilipata vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Hatutaki kuubomoa ukuta huo kwa mikono yetu wenyewe.

Lakini kuchagua ni jambo moja na kusikilizwa ni jambo jingine. Sheria inajua tofauti hiyo. Mwaka 2012 Tume ya Huduma ya Polisi iliwasaili waombaji kabla David Kimaiyo hajawa Inspekta Jenerali wa kwanza. Desemba 2013 Tume hiyo ilianza kuwachuja maafisa wakuu, na wananchi wakaalikwa kuleta taarifa juu yao. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2014, sheria za usalama zilirekebishwa na usaili wa Inspekta Jenerali ukaondolewa mikononi mwa Tume. Rais hupendekeza jina, Bunge likaidhinisha. Mlango wa juu ulirudishwa nusu. Wa chini, wa kituo chetu, haujapata kufunguliwa.

Ufunguo upo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi, ikiongozwa na gavana au mtu aliyemteua. Ndani yake lazima waketi wawakilishi wa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, vijana, na mashirika ya dini. Kazi zake ni pamoja na kumpa Inspekta Jenerali maoni juu ya utendaji wa polisi, na kuwa jukwaa la wananchi. Tunawauliza wachungaji, makatekista na wazee wa Marafiki: ni nani anayekalia kiti chenu pale Kakamega? Kama hamumjui, andikeni kwa gavana mkitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu uhamisho wa gizani hutudhulumu mara mbili. Afisa aliyethubutu kumkamata jamaa ya mkubwa huondolewa, nasi hatuna pa kumtetea. Afisa tuliyemlalamikia naye huondolewa, lakini hupelekwa kwa jirani, na shida yetu yawa shida yake bila yeye kuonywa. Maoni yaliyoandikwa na kuhifadhiwa yangemlinda wa kwanza na kumfuata wa pili.

Hapa tuseme na jambo lisilopendeza kwetu. Barua nyingine huomba tu "tuletewe mtu wetu." Tumezoea kumshangilia fahali wa kijiji chetu uwanjani, lakini mkuu wa kituo si fahali, na Kifungu cha 246 chataka polisi waakisi makabila na maeneo yote ya Kenya. Tusimtaje mtu. Tutaje kazi: dhamana isiuzwe, kesi ya mtoto aliyenajisiwa isimalizwe kwa mbuzi nyumbani kwa mzee wa mtaa, anayepiga ripoti apewe namba ya kitabu cha matukio bila kuombwa chochote. Makanisa yanayajua mambo haya kuliko faili yoyote, kwa kuwa akina mama huyaleta kanisani kwanza.

Maombi hayo tuyapeleke kwa Tume na kwa Inspekta Jenerali, chini ya Kifungu cha 37, kabla ya uhamisho mwingine, si baada yake. Nakala iende kwa mkuu wa kituo aliyepo, ili asidhani tunamnong'ona. Sahihi zikusanywe baada ya ibada, Wakatoliki wa Mukumu pamoja na Marafiki na wasiosali popote. Mwanasiasa atakayetaka kutia yake awe wa kwanza, aambiwe apange foleni kama wengine.